Samaki Afananaye na Jiwe
Somo la kuwafundisha watoto wadogo

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mnaokusanya watoto wadogo kila juma, mwezi huu twawaletea somo la kiumbe asiyeonekana katika ziwa letu. Pengine mtu atauliza, Watoto wa Bukoba na Muleba wana haja gani na samaki wa maji ya chumvi? Toka kwetu mpaka Dar es Salaam ni safari ya kilometa zaidi ya 1,000, na wazee wengi vijijini hawajaiona bahari kwa macho yao.

Twajibu hivi. Watoto wetu husafiri. Mwaka huu mtoto yupo hapa migombani, mwaka ujao amepelekwa kwa shangazi yake Tanga au kwa mjomba wake Dar es Salaam, naye hushuka pwani kuchezea maji kama alivyozoea kuchezea maji ya ziwa. Mwenzake aliyezaliwa pwani amekwisha kuonywa na bibi yake tangu alipoanza kutembea. Mtoto wetu hajaonywa na mtu. Tena, katika ziwa letu wenyewe yuko samaki mwenye miiba ya kuumiza, na msaada wa kwanza kwa aliyechomwa na huyu wa ziwa au yule wa bahari ni mmoja. Na zaidi ya hayo, ndani ya somo hili limo fundisho kubwa kuliko samaki, yaani kwamba mtoto aliyeumia aseme upesi, asifiche. Kwa ajili ya fundisho hili hasa tumeandika.

Tumeligawa somo katika sehemu sita, na mwisho yako maswali. Mwalimu asome yote kwanza yeye mwenyewe, kisha awaeleze watoto kwa maneno yake, kidogo kidogo, kadiri ya umri wao.

1. Makao yake

Watoto wa bara hawaujui mwamba wa bahari; basi mwalimu aanze hapo. Katika bahari zenye joto wamo wanyama wadogo sana, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa. Vizazi hujenga juu ya vizazi, na baada ya miaka mingi kazi yao huwa mwamba mkubwa uitwao matumbawe. Mwulizeni mtoto, Umekiona kichuguu? Mchwa ni mdogo, lakini kichuguu chaweza kuwa kirefu kuliko baba yako. Ndivyo ulivyo mwamba wa matumbawe, ila wajenzi wake wakaa majini. Miji ya kale ya pwani, kama Kilwa na Zanzibar, ilijengwa kwa mawe ya namna hii.

Jambo jingine asilolijua mtoto wa ziwa ni kupwa na kujaa kwa maji. Maji ya ziwa letu hayana desturi ya kwenda na kurudi kila siku. Lakini bahari huondoka ufukoni na kurudi, mara mbili kwa siku. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu maji hupwa mbali zaidi, na siku hizo watu wa pwani huziita bamvua. Hapo mwamba huwa wazi, na wanawake na watoto huenda kwa miguu wakitafuta pweza na makome. Maji yanayobaki katikati ya mawe hufika kifundo cha mguu tu, au magotini. Na katika maji hayo machache ndimo alalamo huyu tunayemwandika.

Watu humwita samaki-jiwe. Jina lake la kitaalamu ni Synanceia verrucosa, na neno la pili maana yake ni mwenye chunjua. Anaonekana toka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya mbali vya Pasifiki.

2. Umbo lake

Msimu wa senene kila mtoto wa kwetu huingia nyasini kuwatafuta. Anajua kwamba senene wa kijani akitua penye majani mabichi haonekani, na wa kahawia akitua penye majani makavu haonekani vile vile. Mkono hupita juu yake mara mbili, mara tatu, ndipo arukapo. Basi waambieni watoto kwamba samaki-jiwe amempita senene kwa ustadi huo, na tofauti yao ni moja iliyo kubwa: senene huruka mtu akikaribia, lakini samaki-jiwe haruki wala hakimbii. Hukaa pale pale.

Aliye mkubwa sana hufikia sentimeta 40, yaani hatimizi dhiraa moja, na wengi ni wafupi kuliko hapo. Ngozi yake haina magamba. Ni nene, imejaa chunjua na mashimo, kama jiwe lililoliwa na maji. Rangi yake ni ya kahawia au ya kijivu, tena yaweza kuwa na mabaka mekundu au ya manjano, kama yalivyo mawe ya mwamba anamokaa. Mwani humwota mwilini, na mara kwa mara huivua ngozi yake ya juu. Macho yake ni madogo, na kinywa chake kimeelekea juu. Kwa mapezi yake mapana ya ubavuni huchimba mchanga, akajizika nusu, akatulia.

Hivyo ndivyo awindavyo. Hamfuati mtu wala samaki. Akipita samaki mdogo au kamba karibu na kinywa chake, hukifumbua ghafula, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo, nacho kikafumbwa. Jambo hili lote hutimia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kisha hutulia tena, nawe ungalisema ni jiwe.

3. Miiba yake na sumu yake

Mgongoni anayo miiba 13, mikali na yenye nguvu, nayo imefunikwa kwa ngozi nene kama kisu katika ala. Kila mwiba una mifereji miwili, mmoja upande huu na mmoja upande huu, na kando ya mifereji hiyo vimo vifuko viwili vya sumu.

Ili watoto waelewe, wakumbusheni sindano ya zahanati. Mganga huingiza sindano, kisha hubonyeza kwa kidole gumba, na dawa huingia mwilini. Katika samaki-jiwe hakuna mganga. Mguu wa mtu unapomkanyaga, mwiba huingia, ngozi husukumwa chini, vifuko hubanwa, na sumu hupanda katika mifereji hata ndani ya nyama. Mguu wenyewe ndio unaobonyeza. Kwa hiyo akanyagaye kwa nguvu zaidi, au arukaye toka juu ya mwamba, hupata sumu nyingi zaidi.

Wataalamu wasema kwamba hakuna samaki mwingine ajulikanaye mwenye miiba ya sumu kali kama yeye. Maumivu huja mara moja, nayo ni makali mno. Mguu huvimba, na pengine uvimbe hupanda juu. Wengine hutapika, au huzimia, au hupata shida ya kupumua. Vifo ni vichache, lakini vimetokea.

Mwalimu awe mwangalifu hapa. Hatutaki mtoto arudi nyumbani akiota ndoto mbaya, wala hatutaki adhani kwamba samaki huyu ni adui amtafutaye. Miiba hii si ya kuwindia. Hatukusikia kwamba amemfukuza mtu. Ni ngao yake, kwa sababu yeye hana mbio, na papa au taa mkubwa angemla. Mtoto wetu amjua kifutu, nyoka alalaye njiani kama majani makavu. Kifutu hauma kwa kuwa anamchukia mpita njia; huuma kwa kuwa amekanyagwa. Kadhalika samaki-jiwe. Tukijua njia zake, twaweza kupita kwa amani.

Tena iko tofauti ambayo hata watu wazima huichanganya. Yuko samaki ambaye sumu yake imo ndani ya mwili, na mtu hudhurika kwa kumla. Huyo ni bunju, ajivimbishaye kama mpira. Na yuko samaki ambaye sumu yake imo katika miiba, na mtu hudhurika kwa kuchomwa. Huyo ni samaki-jiwe. Sumu ya bunju haiondolewi kwa kupikwa. Sumu ya samaki-jiwe huharibiwa na moto, na katika nchi za Mashariki ya Mbali wako watu wamlao, baada ya miiba kuondolewa kwa uangalifu. Neno hili la moto mlishike, maana lina faida mbele.

4. Walioko pwani na aliyeko kwetu

Samaki-jiwe si peke yake. Pwani yuko tasi, samaki mzuri wa kuliwa, ambaye miiba yake huwachoma wavuvi wanapomtoa wavuni. Yuko taa, mpana kama ungo, mwenye mwiba mkiani. Yuko ngogo wa bahari, mwenye milia, aendaye na wenzake wengi kama kundi la mbuzi.

Na katika Ziwa la Viktoria yuko gogogo. Watoto wa Nyamukazi, wa Kemondo, na wa visiwa vya Bumbire na Goziba wamjua vema, kwa kuwa huwasaidia wazazi wao kutegua nyavu. Gogogo ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja katika kila pezi la ubavuni. Akishikwa huisimamisha na kuikaza isilale tena, nayo ina meno kama msumeno. Hata hutoa sauti kama ya kukoroma. Uchunguzi wa miaka hii umeonyesha kwamba samaki wengi wa jamii ya kambale, na gogogo mmojawapo, wana sumu kidogo penye miiba yao. Haina nguvu ya kulinganishwa na ya samaki-jiwe, lakini jeraha huuma kuliko tundu lenyewe lilivyo, na uchafu ukiingia huoza. Kwa hiyo mtoto wa ziwa asidharau jeraha la gogogo.

5. Kujilinda, na kumsaidia aliyechomwa

Wafundisheni watoto watakaokwenda pwani maneno haya machache, nao wayaseme mpaka wayakariri:

Usitembee mwambani bila viatu vya soli nene. Kandambili nyembamba huchomwa na miiba hii kama karatasi.

Tazama kwanza, ndipo ukanyage. Tumia fimbo mbele ya mguu, kama wafanyavyo wanawake wa pwani waendapo kutafuta pweza.

Usitie mkono katika tundu la mwamba, wala usiokote jiwe majini kwa sababu limekupendeza.

Usiguse samaki aliyelala mchangani, hata akionekana amekufa. Samaki-jiwe huweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi, na miiba yake huwa na sumu hata baada ya kufa.

Usiende peke yako.

Ikiwa mtu amechomwa, na atolewe majini kwanza, maana aweza kuzimia na kuzama. Mmoja akae naye, na mwingine akimbie kumwita mtu mzima. Vipande vya miiba vinavyoonekana viondolewe taratibu, na jeraha lioshwe. Kisha yaletwe maji ya moto, na sehemu iliyochomwa itiwe humo kwa muda wa nusu saa hata saa moja na nusu. Hapa ndipo lile neno la moto lilipo na faida, kwa maana joto hudhoofisha sumu na kupunguza maumivu.

Lakini maji yasichemke! Joto lisizidi nyuzi 45. Asiye na kipimo afanye hivi: mtu mzima atie mkono wake mwenyewe majini, akiweza kuuacha humo bila kuungua, ndiyo kadiri yake. Asimwulize mtoto kama mguu ulioumia wasikia joto, kwa sababu mguu ule haujui tena kupima. Mtoto akitaka kujaribu, atie mguu ulio mzima. Maji yakipoa, mguu utolewe kwanza, ndipo yaongezwe ya moto.

Hayo yakifanyika, au hata yakiwa yanafanyika, safari ya hospitali itengenezwe. Huko madaktari watamtuliza maumivu, watatafuta vipande vya miiba vilivyobaki ndani, na kumkinga na pepopunda. Iko na dawa ya kupinga sumu hii, iliyoanza kutumika Australia mwaka 1959, nayo hutengenezwa kwa damu ya farasi. Lakini haimo katika kila hospitali. Kwa hiyo maji ya moto na mwendo wa haraka ndiyo yaliyo mikononi mwetu.

Na haya yasifanywe: mguu usichanjwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe kwa kinywa, wala mguu usifungwe kamba ya kukaza. Mambo haya huongeza jeraha juu ya jeraha.

Aliyechomwa na gogogo naye asaidiwe kwa maji ya moto vivyo hivyo. Na jeraha likiwa la ndani, au likivimba, apelekwe zahanati.

6. Mtoto asifiche

Sasa twaja kwenye mzizi wa somo. Dawa zote tulizotaja huanza kufaa pale mtoto anaposema. Asiposema, maji ya moto yamo jikoni, hospitali ipo, naye mtoto amejikunja nyuma ya nyumba akiushika mguu wake.

Kwa nini hufichwa jeraha? Ninyi wazazi mwajua. Mtoto alikatazwa kwenda ufukoni, naye alikwenda. Au alitumwa kuteka maji akakawia kwa kucheza. Amechomwa, na jambo la kwanza analoliona moyoni ni fimbo ya baba. Basi hunyamaza, huchechemea, husema amejikwaa tu. Usiku mguu umevimba, homa imepanda, ndipo mama anapofunua shuka.

Tena kwetu Wahaya mtoto hufundishwa kutowakatiza wazee maneno. Huja, hupiga magoti, husalimu, hungoja aulizwe. Desturi hii ni njema, wala hatutaki iachwe. Lakini mtoto mwenye sumu mguuni hawezi kungoja wazee wamalize shauri la shamba. Mwambieni kwa maneno ya wazi: Siku utakayoumia, una ruhusa ya kukatiza maneno ya mtu ye yote, hata ya babu, hata ya mchungaji. Njoo mbio, sema kwa sauti, Nimechomwa, nisaidieni. Na sisi wazee tukubaliane kwamba siku hiyo hatutasema, Huna adabu.

Neno la pili ni kwa wazazi. Mtoto akija kusema, msaidieni kwanza. Swali la kwa nini alikwenda ufukoni lingoje mpaka uvimbe umeshuka. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kusema kweli, mara ya pili hatasema kweli. Na pengine mara ya pili ndiyo yenye hatari kubwa.

Wala mtoto asione haya, kana kwamba wajinga tu ndio wachomwao. Mtaalamu J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, aliyempa jina la kitaalamu samaki wa kale aitwaye silikanti mwaka 1939, alichomwa mkononi na samaki-jiwe katika pwani ya Msumbiji, akaandika habari zake mwaka 1951. Alikuwa mtu aliyewajua samaki wa Bahari ya Hindi kuliko watu karibu wote wa siku zake, na hata hivyo alichomwa. Naye hakuficha, aliandika, ili wengine wajifunze.

Mwalimu aweza kumaliza kwa mchezo. Mtoto mmoja ajifanye amechomwa na kupiga kelele. Wa pili akae naye na kumshika. Wa tatu akimbie kwa mtu mzima na kusema mambo matatu: nani ameumia, yuko wapi, ameumizwa na nini. Kisha wabadilishane, hata kila mmoja amekwisha kukimbia na kusema. Watoto watacheka sana, na ni vema wacheke. Maana lililochezwa kwa furaha hukumbukwa siku ya hofu.

Maswali ya kuwauliza watoto

Swali: Samaki-jiwe hukaa wapi?
Jibu: Baharini, katika maji machache penye mawe na matumbawe, na pengine hujizika mchangani.

Swali: Mbona haonekani?
Jibu: Kwa sababu umbo na rangi yake hufanana na mawe, naye hatikisiki.

Swali: Ana miiba mingapi mgongoni?
Jibu: Ana miiba 13, na kila mmoja una vifuko viwili vya sumu.

Swali: Je, huwafukuza watu?
Jibu: La. Huchoma akikanyagwa au akishikwa.

Swali: Katika ziwa letu, ni nani mwenye miiba mitatu ya kuumiza?
Jibu: Ni gogogo.

Swali: Aliyechomwa asaidiwe kwa nini kwanza?
Jibu: Atolewe majini, jeraha lioshwe, mguu utiwe katika maji ya moto yasiyounguza, kisha apelekwe hospitali.

Swali: Nani apime joto la maji?
Jibu: Mtu mzima, kwa mkono wake mwenyewe.

Swali: Wewe ukichomwa mahali ulipokatazwa kwenda, utafanya nini?
Jibu: Nitasema mara moja.

Jibu hili la mwisho mwalimu asiridhike kulisikia mara moja. Aliulize tena juma lijalo, na juma la baadaye. Na wazazi nao waulizwe, kama wako tayari kulisikia.